Pendekezo Langu Kuhusu Muhogo Mchungu

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Nikiona picha ukutani imepinda, lazima niinyooshe, hata kama nyumba si yangu. Kiwandani Zegereni, fundi mwenzangu akiomba spana namba kumi na tatu wakati nati inataka kumi na nne, siwezi kunyamaza nikamwacha agundue mwenyewe. Mke wangu husema ningekuwa refa ningepigwa mawe kila Jumamosi. Kwa hiyo siku niliyogundua kwamba gemu ninalolicheza lina ukurasa wa mapendekezo, ambapo wachezaji wanaruhusiwa kuwaambia watengenezaji wamekosea wapi, nilifurahi kama mtu aliyepewa cheo.

Gemu lenyewe ni la kuishi porini. Unaamka peke yako kisiwani, huna hata kandambili. Unaokota jiwe, unasokota kamba ya majani, unafunga shoka, unakata mti, unajenga kibanda, na muda wote huo njaa inakufuata nyuma. Nilikuwa nalicheza Jumamosi mchana nyumbani kwetu Tumbi, kwenye kompyuta niliyoinunua nikimwambia mke wangu ni ya masomo. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nimekunja miguu kwenye kiti, nawinda sungura. Sioni aibu. Wapo wenzangu wanaoshinda wakigombana na redio kuhusu mpira.

Makosa yalikuwa mengi. Shoka lilivunjika baada ya miti sita. Mvua ilinyesha ndani ya nyumba niliyoiezeka vizuri kabisa. Ukitupa kuni motoni, kabla hujapiga chafya mkaa uko tayari. Hilo la mkaa lilinikera hadi nikaandika kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza changu cha sekondari na kamusi pembeni, nikawaeleza kwamba magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, huungua polepole kwa siku kadhaa huku mtu akilinda moshi. Watu wachache walinipigia kura. Mmoja akauliza kama ningeweza kupendekeza na joka linalotema moto.

Halafu wakaleta muhogo. Kwenye toleo jipya unaung'oa ardhini, unautafuna hapo hapo na udongo wake, njaa inaisha. Nilisimama kutoka kwenye kiti. Nilijua kwamba muhogo mwingine ni mchungu na una sumu, na kwamba usipotengenezwa vizuri unaua. Hilo nililijua kwa hakika. Mengine yote niliyoyaandika siku ile nilidhani tu kwamba nayajua.

Wazazi wangu walihamia Kibaha kutoka kaskazini. Sisi ni watu wa ndizi na mahindi, na nimekua nikiujua muhogo kama kitu cha kuchoma, chenye chumvi na pilipili, kinachouzwa barabarani. Mke wangu ndiye mtoto wa muhogo. Kwao ni Masaki, ile ya Kisarawe, mikorosho mbele ya nyumba na mihogo nyuma hadi macho yachoke. Mama mkwe wangu ana shamba la mbali ambako hupanda muhogo mchungu peke yake, kwa sababu nguruwe pori hawaugusi.

Kabla sijaoa, baba yangu aliniweka chini akanipa sheria moja. Aliniambia jiko la mama mkwe halitazamwi. Ukifika, kaa barazani uelekee barabarani, chakula kikija kula, kikiisha shukuru, uage. Kwao baba, mwanaume anayechungulia jiko la mkwewe alikuwa hana tofauti na mwizi. Nikaishika sheria hiyo kwa miaka kumi na moja. Kila tulipokwenda Masaki niliwekewa kiti kile kile barazani, nami nikakigeuza kielekee barabarani, nikahesabu pikipiki zinazopita na magunia ya mkaa.

Lakini macho hayana adabu sana. Niliona beseni za muhogo uliomenywa zikipelekwa nyuma ya nyumba. Siku nyingine niliona makopa, ile mihogo mikavu myeupe, yameanikwa kwenye mikeka. Nilisikia kinu. Niliona chekecheo. Mwishowe bada ilifika mbele yangu, ugali wa muhogo uliosongwa ukasongeka, na mlenda pembeni. Nikaunganisha mwenyewe: unamenya, unaanika, unatwanga, unachekecha, unasonga.

Ndivyo nilivyoandika. Tena nilianza kwa kujigamba. Niliandika kwamba mimi natoka katika familia ambayo imekula muhogo mchungu kwa vizazi vingi, na kwamba jua ndilo linaloondoa sumu yote. Niliweka hatua kwa hatua, ukubwa wa vipande, siku za kuanika, hata namna ya kukunja mkeka mvua ikija. Kura zikamiminika. Watu wa nchi nisizozijua waliandika kwamba hatimaye amepatikana mtu anayejua anachosema. Watengenezaji wenyewe waliandika chini yake kwamba wamelipenda pendekezo hili na wataliingiza kwenye gemu. Wiki hiyo kiwandani nilitembea kifua mbele, na hakuna aliyejua kwa nini.

Ijumaa moja jioni, mke wangu akiwa anachambua mchele, nilimpelekea simu asome. Nilitaka kusifiwa, sina sababu nyingine. Alisoma akitabasamu. Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena, na safari hii hakutabasamu.

"Mbona hujaweka kuloweka?" akauliza.

"Kuloweka nini?"

"Muhogo. Muhogo mchungu si unalowekwa kwanza? Mama huwa anauloweka siku kadhaa kule nyuma. Ukiuanika hivi hivi sumu inabaki."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hili ni gemu tu, watu wa gemu hawana matumbo. Nilikuwa bado nacheka nilipomnyang'anya simu na kuona kwamba kuna mtu ameandika mchana ule. Alikuwa mwanamke, anaishi kwenye nchi ya visiwa ambayo ilinibidi niitafute kwenye ramani. Alisema kwenye uzio wa nyumba aliyopanga kuna mihogo mingi, na majirani walimwonya kwamba ni ile michungu, wasiiguse. Sasa, kwa maelezo yangu, ameimenya na kuianika siku nyingi, imekauka vizuri sana. Jumapili mchana angewapikia watoto wake watatu. Alinishukuru. Aliweka hadi picha ya mikeka.

Mke wangu aliisoma akiwa ameegemea bega langu.

"Mwandikie asile," akasema. "Sasa hivi."

Hapa ndipo ninapojionea aibu mpaka leo. Nilichoandika ni hiki: kwamba nafanya maboresho madogo kwenye maelezo, kwa hiyo naomba asubiri kidogo. Maboresho madogo! Mke wangu alipoiona aliweka ungo chini.

"Wewe unaogopa watu wa kwenye kompyuta watakuonaje, na kuna watoto pale."

Nilijitetea. Nilisema sijui kuloweka ni siku ngapi, sijui kama makopa yaliyokwisha kauka yanaweza kuokolewa, siwezi kusahihisha kosa kwa kosa lingine. Yeye mwenyewe alikuwa hajui vizuri, alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo. Tukampigia mama yake, simu haipatikani, kama kawaida ya kule bondeni. Yule mwanamke hakujibu. Nilizima skrini nikaiwasha, nikaizima nikaiwasha.

Asubuhi ya Jumamosi tuliwaacha watoto wetu wawili kwa jirani, tukapanda pikipiki kwenda Masaki. Tulipita mabanda ya kuku, viwanja vyenye nguzo za mipaka, kisha barabara ya vumbi na wenye baiskeli za mkaa wakisukuma kupanda kilima, na mimi kichwani nilikuwa nawaona watoto watatu nisiowajua wakinawa mikono.

Mama mkwe alitoka nje kusikia mlio wa pikipiki. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona mnakuja bila taarifa? Kuna msiba?"

"Bado," mke wangu akajibu, na jibu hilo lilinichoma kuliko matusi.

Kiti changu kililetwa barazani. Sikukaa. Nilisimama nimeinamisha kichwa, nikamweleza mama wa watu habari za kisiwa cha uongo ambacho watu wazima wanakata miti ya uongo, na namna nilivyowafundisha kula muhogo wa uongo, hadi mwanamke wa kweli akaung'oa wa kweli. Nilipomaliza kusema hatua zangu, kumenya, kuanika, kutwanga, alinitazama kama anayetazama kitu kilichoanguka kutoka juu ya mti.

"Sasa wewe miaka yote hiyo ulipokaa hapa ulikuwa unatazama nini?"

"Barabara, mama."

"Barabara?"

"Nilifundishwa kwamba jiko la mkwe halitazamwi."

Aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka hadi akashika nguzo. "Mimi nilidhani unatuona wachafu!" akasema. "Kila ukija unatupa mgongo! Nikamwambia hata mama mchungaji, yule kijana ni mwema ila anatudharau." Mke wangu akacheka kidogo bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amenikasirikia.

"Njoo," mama akaniambia. "Leo utatazama."

Nikapita jikoni kwake kwa mara ya kwanza, miguu ikiwa mizito kana kwamba baba yangu ananiona. Jiko lilikuwa jiko tu. Mafiga matatu, sufuria zimepinduliwa kwenye kichanja, paka amelala kwenye majivu. Nyuma yake, kwenye kivuli, palikuwa na pipa la bluu lililofunikwa gunia na jiwe juu. Alipoondoa gunia, harufu ikanipiga usoni, nami nikaijua mara moja. Harufu ile ya uchachu na uvundo nilikuwa naisikia barazani kila tunapokuja. Miaka kumi na moja nilikuwa nikidhani ni choo kimejaa, nikajikaza kwa heshima, nisiseme. Mimi, mtu wa kusahihisha.

Alinikunjisha mikono ya shati, nikazamisha mkono kwenye maji yaliyopauka. Muhogo mmoja ulibonyea kwenye kidole kama parachichi, mwingine ulikuwa bado mgumu. Akanieleza kwamba unakaa siku tatu, nne kukiwa na baridi, hadi yote ilainike hivyo. Kwamba maji yake humwagwa mbali, kuku wasiyafikie. Kwamba baada ya hapo ndipo unaukamua, unauvunja vipande, unauanika. Jua lile nililolisifu lilikuwa linakausha tu. Kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa na pipa.

"Na aliyeanika bila kuloweka?" nikauliza. "Akiyaloweka sasa, yaliyokauka?"

Alirudisha gunia, akaweka jiwe, akajifuta mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ayatupe. Ayafukie chini. Asijaribu jaribu."

Kisha, akiwa ameangalia pipa, akaniambia kwamba mwaka mmoja wa njaa, yeye akiwa msichana mdogo, nyumba yao iliishiwa makopa. Shangazi yake alikuwa na mihogo pipani ya siku moja. Watoto walikuwa wanalia. Shangazi akaona siku zilizobaki ni nyingi, akaikausha juu ya moto, akapika. Mama mkwe wangu siku hiyo alikuwa ametumwa kisimani. Aliporudi, wadogo zake wawili walikuwa wanatapika, na jioni hawakuwepo tena duniani. Tangu awe na nyumba yake, pipa hili hakuna mwingine anayeligusa, ndiyo maana hata binti yake hakujifunza.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alikuja akamshika mama yake mkono, na mama akamwachia aushike.

"Huyo mwanamke ana watoto wangapi?" mama akaniuliza.

"Watatu."

"Mwandikie asile. Usimpambie maneno."

Mtandao ulishika juu ya mwinuko, kando ya barabara. Nilikimbia. Chini ya pendekezo langu lile lenye kura zote, mahali ambapo kila mtu angeliona, niliandika kwamba mimi si mtu wa vizazi vya muhogo. Niliandika kwamba nilikaa barazani nikatazama barabara, nikabuni nilichokuwa sikijui. Nikamwambia yule mama kwamba muhogo alionao unaweza kuua, asile, asiwape watoto, asiwape kuku, afukie. Nikaandika anisamehe. Kisha nikaiandika mara ya pili kwenye ujumbe wake binafsi, na mara ya tatu kwa watengenezaji, nikiwaomba waliondoe pendekezo langu au wabandike onyo juu yake. Sikutumia kamusi. Makosa ya Kiingereza sikuyahesabu.

Hatukurudi Tumbi; jirani alikubali kulala na watoto. Jumamosi yote nilipanda na kushuka ule mwinuko, hadi muuza vocha aliyekuwa pale akaniuliza kama ninamsubiri mchumba. Watu wa gemu walianza kujibu. Wapo walionicheka, mmoja akaniita tapeli, na nilikubali kwa moyo mweupe. Watengenezaji waliweka onyo jekundu, wakaniandikia kistaarabu kwamba wangependa maelezo sahihi siku nikiwa nayo. Yule mwanamke, kimya.

Jumapili tulikwenda ibadani pamoja. Sikumbuki mahubiri. Nakumbuka kwamba mama mkwe aliimba kidogo sana, na kwamba kila mtoto alipolia kanisani, yeye aligeuka kumtazama. Tuliporudi alianza kupika, nami nilikwenda tena kwenye mwinuko. Jua lilikuwa la utosi. Nilikuwa nimehesabu saa za kule visiwani, nikajua mchana wao wa Jumapili umeshapita, wa kwetu ndio kwanza unafika. Lililokuwa liwe lilikuwa limeshakuwa, na mimi nimesimama njiani na simu mkononi.

Ujumbe ulikuwepo. Niliogopa kuufungua, nikaufungua.

Baada ya kuniandikia Ijumaa alisafiri kikazi, na kule hakuna mtandao. Alirudi Jumapili asubuhi, akatwanga, akachekecha, akateleka maji. Alifungua simu ili aangalie maelezo yangu ya kusonga, unga na maji kiasi gani, ndipo akakuta maandishi yangu. Aliyamwaga maji. Alifukia unga na makopa yote nyuma ya nyumba, akaosha kinu, akakaa chini akalia, halafu akawapikia wanawe chakula kingine. Alisema alinikasirikia sana na bado amenikasirikia. Alisema asante.

Nilikaa kwenye vumbi kando ya barabara nikiwa na suruali ya kanisani, nikacheka na kulia kwa pamoja, na yule muuza vocha akasogeza meza yake mbali kidogo. Sijawahi kushukuru kukasirikiwa kama siku ile. Niliteremka bonde mbio, nikawapigia kelele kutoka mbali kwamba hawajala, hawajala, na mke wangu alinikimbilia akanikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo kwetu halifanywi, wala kwao.

Chakula kilikuwa kimepakuliwa. Safari hii mkeka ulitandikwa karibu na mlango wa jiko, nami nikakaa nikitazama ndani. Mama mkwe alituwekea bada, mlenda, na samaki wa kukaanga, lakini yeye alibaki amesimama na mwiko mkononi.

"Wote watatu?" akauliza.

"Wote watatu, mama."

"Wamekula nini sasa?"

Nikasoma tena ujumbe. "Wali."

"Wali na nini?"

Nilisema haijaandikwa. Nilidhani tumemaliza, nikanyoosha mkono kwenye bada.

"Muulize," akasema. "Muulize wamekula na nini, na kama wameshiba."

Nilinawa mkono, nikapanda tena ule mwinuko, nikamwandikia mwanamke aliyenikasirikia kwamba kuna mama huku Kisarawe anauliza wanao wamekula wali na nini, na kama wameshiba. Jibu lilikuja upesi. Niliporudi, bada ilikuwa imeanza kupoa na hakuna aliyekuwa ameigusa. Mama mkwe alikuwa bado amesimama mahali pale pale.

"Wali na dengu," nikamwambia. "Wameshiba. Mdogo ameomba aongezwe."

Akaweka mwiko chini, akanawa mikono, akakaa nasi kula.